Ati Yalikuwa Maji

Nadège mwanangu,

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kuvaa suweta kwa sababu Cankuzo asubuhi kuna baridi, sitayaandika hapa. Hayo nimeisha kuyasema mpaka baba yako akaniomba nipunguze, na mifuko yako imejaa vitu ambavyo hata soko la Mutakura halina. Barua hii ni ya jambo lingine. Utaifungua ndani ya basi, na nakuomba uisome yote kabla hujafika, hata kama jirani wa kiti ni mutu wa kupiga stori.

Mi nimekasirika. Nimekasirika tangu ulipokuwa bado chuoni, na humu ndani wote wanajua, ila wanafikiri ni maumbile tu, vile wengine wana presha. Baba yako kila nikifungua mdomo ananipa methali yake ile moja, hasira hasara, halafu anageukia redio. Hiyo methali nimeichoka. Aliyeitunga sijui alikuwa amedhulumiwa nini, labda alikanyagwa kidole.

Kesho unaenda Cankuzo kuanza kazi ya mifugo chini ya biro, yaani ofisi, ya Dogiteri Salvator. Ulipoipata nililia mbele yako, na machozi yale yalikuwa ya furaha ya kweli. Ila sikukuambia kwamba mi na yeye tuna kesi ambayo haijaisha, na anayeumia katika kesi hiyo si mi wala si yeye. Ni Mama Furaha.

We unamjua kama yule mama wa ndagala, visamaki vile vidogo, pale sokoni, anayekuongezea kiganja kila ukinunua. Hukumjua alipokuwa na ng'ombe. Alitoka Uvira, kule Kongo, akikimbia vita, akaishi kwa kuuza fanta kwenye kibanda, halafu akaingia kile kikundi cha wafugaji cha Maramvya ambacho mi ndiye dogiteri wao tangu nilipofungua duka langu la dawa za mifugo. Desturi yao ni kupeana ng'ombe kwa zamu: wako akizaa ndama jike wa kwanza, ndama huyo anaenda kwa anayefuata. Mama Furaha aliingoja zamu yake muda mrefu bila kunung'unika. Alipopewa ng'ombe alimpa jina, Bahati, na kila asubuhi alikuwa anamsalimia kabla ya kusalimia watu, mpaka wakawa wanamcheka.

Kwa sababu ya ile frigo yake ya fanta, chanjo ya mapele ilipokuja, kikundi chote kilisema chupa zilale kwake. Mapele unayajua, kile kirusi kinachomjaza ng'ombe mabonge mwili mzima mpaka ngozi inaharibika na maziwa yanakauka. Siku zile umeme ulikuwa unakatika ovyo. Ukikatika, yule mama anafunga kibanda, anashuka kwa wauza samaki, ananunua barafu, anaipanga kwenye sanduku na chupa katikati. Nilipoenda kuzichukua zilikuwa zinanuka samaki wa mukeke, lakini zilikuwa baridi mpaka vidole vinauma.

Nilidunga mi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Kila chupa ilikuwa na unga mkavu ndani na mfuniko wa bati juu, mfuniko nikaufungua mi, unga nikauchanganya mi. Likumbuke hilo, maana ndilo linaloniunguza hadi leo.

Miezi ikapita. Mapele yakaanza kusikika kwenye vilima vya jirani, watu wakaogopa, na biro ikamtuma Dogiteri Salvator aje kuangalia kama ng'ombe wetu wana kinga. Akachukua damu. Majibu yakarudi: karibu hakuna kitu. Watu wakashika vichwa. Mi sikushtuka sana, na hapa niache niseme kwa maneno ya nyumbani kitu ambacho we umekisoma vizuri kuliko mi, kwa sababu huko uendako utamweleza mufugaji, hutamweleza profesa.

Damu inakuonyesha wale askari wanaoelea ndani yake. Kwa chanjo kama hii wanaweza kuwa wachache, au wameisha kushuka, na ng'ombe bado amekingwa, kwa sababu zipo zile seli zinazokaa mwilini na kumbukumbu ya kirusi. Hizo damu ya kwenye chupa haikuambii habari zake. Unaziita kupitia ngozi: unanyoa shingoni pa upana wa kiganja, unadunga ndani ya ngozi kirusi kilichokwisha kuuawa, halafu unangoja. Zinakuja kama watu wa matanga. Majirani wanafika mbio, lakini ukoo wa mbali unafika kesho kutwa, na huo ndio unaojaza uwanja. Ngozi inakuwa nene, inakuwa ngumu, ndiyo maana vitabu vinauita mzio wa kuchelewa. Sasa mutu akija kuchungulia mapema, anaona viti vitupu, anaenda kutangaza kwamba marehemu hakuwa na ndugu.

Na Salvator aliyajua hayo yote. Kipimo hicho cha ngozi alikipendekeza yeye. Akadunga shingo Alhamisi asubuhi, pamoja na mtamba mmoja wa jirani ambaye hakuwa amechanjwa, ili tuwe na wa kulinganisha naye. Kazi nzuri kabisa, nilimsifu. Siku ya kusoma ngozi, yaani kupima uvimbe, ilikuwa Jumamosi.

We ni mutoto wa Bujumbura, unajua Jumamosi asubuhi ni nini. Kazi za jamii, barabara zimefungwa, hakuna gari linalotembea mpaka majembe yarudi nyumbani. Na Jumamosi mchana binti wa kaka yake Salvator alikuwa anatolewa mahari kule Kinanira. Sasa bwana mukubwa akatazama Jumamosi yake, akaona imejaa. Akaja Ijumaa. Akafinya ngozi kwa vidole viwili, kipimo cha unene kikiwa mfukoni, akanawa mikono na kusema, "Hapa hakuna chanjo iliyoingia. Huenda yalikuwa maji."

Huenda, alisema. Kabla jua halijazama lile neno "huenda" lilikuwa limeisha kufa, yamebaki maji. Kikundi kikakaa palepale, mbele ya zizi. Mi niliyedunga hakuna aliyeniuliza kitu. Wakasema dogiteri wetu alidunga alichopewa, masikini, angejuaje. Macho yote yakaenda kwa mwenye frigo. Mmoja akasema chanjo imeuzwa, Wakongomani wanajua biashara, wengine wakaguna kukubali, na Muzee Rénovat, prezida wao, mutu wa kanisani, mutu wa kutoa pole kila msiba, hakumkemea.

Mama Furaha alisimama. Hakulia. Alisema, "Mi nilikimbia vita na mutoto mugongoni, sijakula hata kuku ya mutu. Leo nianze na ngombe zenu, na yangu iko ndani?"

Mi nikasema kwamba chupa zilikuwa zimefungwa na bati, kwamba maji hayageuki unga. Nilisema mara moja, kwa sauti ya mutu anayeomba chumvi. Rénovat akanijibu kwa upole, "Dogiteri, we hauna kosa, kaa." Nikakaa. Nadège, nilikaa. Walinipa nafasi ya kuwa mutu safi nami nikaipokea, kwa sababu nina diploma ukutani na jina la hapahapa. Ukiniuliza nini kinaniudhi zaidi katika habari hii yote, si Salvator. Ni kile kiti.

Jumamosi asubuhi nilimdanganya nyumbakumi kwamba kuna ng'ombe anazaa vibaya, nikatoka Mutakura kwa miguu, njia nzima watu wananitazama mi peke yangu sina jembe. Nikafika zizini. Hata kabla ya kutoa kipimo niliona kwa macho. Shingo ya Bahati pale paliponyolewa palikuwa pamepanda, ukigusa pana joto, ngumu kama kisigino. Nikaenda kwa wa pili, vilevile. Wa tatu hivyohivyo. Yule mtamba wa jirani ambaye hakuchanjwa, ngozi yake laini, hana habari. Nikapima wote, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu, nikiwaambia wale ng'ombe ahsante.

Sasa sikiliza kosa langu, maana hili nataka ulichukue uende nalo. Kikundi chote kilikuwa pale karibu. Ukisimama kwenye mlango wa zizi unawaona: wako ndani ya mtaro na majembe yao, Rénovat mbele, wanachimba na kupiga soga. Kilichokuwa kinatakiwa ni kuwaita tu. Njooni, wekeni mikono hapa. Mukulima yeyote angeshika shingo ya ng'ombe wa mwingine, angeshika na ya mtamba yule, asingehitaji shule yoyote kuelewa. Yale mabonge yalikuwa yamesimama mbele yangu yanatafuna majani, na mi nikayaacha. Nikaondoka kumtafuta Salvator. Nilitaka kuuona uso wake. Ni hivyo tu, hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Barabara zilipofunguliwa nilipata gari, nikapanda Kinanira na gumboot zangu za zizi. Wamekaa pande mbili, wamependeza, wakubwa wa ukoo wa kijana wamesimama wanaomba binti. Na unajua wanavyoomba: ni ng'ombe mwanzo hadi mwisho. Wanamsifia ng'ombe wa mahari, pembe zake, maziwa yake, ng'ombe ambaye hakuna mutu pale aliyemwona kwa sababu ni noti tu ndani ya bahasha. Nikasimama nyuma nikiwasikiliza, na damu ikanipanda. Hapa wanashangilia ng'ombe wa maneno, na Maramvya mama wa watu anaitwa mwizi kwa ng'ombe wa kweli. Musemaji wa ukoo alikuwa bado amesimama. Mutu hakati neno la musemaji, hata mutoto mudogo anajua. Mi nililikata. Nilimwita Salvator kwa jina, mbele ya wakwe, nikamwambia amesoma ngozi kabla ya siku yake kwa sababu ya sherehe, kwamba ni mwongo na mvivu, na mengine ambayo mama hamwandikii binti yake.

Nilikuwa na haki, na kila neno nililosema lilikuwa kweli isipokuwa yale matusi. Na hakuna aliyesikia hata moja. Walichosikia ni kwamba mwanamke wa Mutakura ameharibu mahari ya watu. Walinitoa nje wakinishika mikono taratibu, hivyo wanavyoshikwa wagonjwa. Jioni habari ilikuwa imefika Maramvya kabla yangu, na huko nako hakuna aliyeuliza habari za ngozi. Waliuliza kama ni kweli nilimwita Salvator jina lile.

Walikubali kuja kushika zile shingo Jumanne. Jumanne, mwanangu. Uvimbe ulikuwa umeshuka, umebaki ugumu kidogo ambao ukitaka kuuona unauona na usipotaka huuoni. Rénovat akapitisha kiganja, akasema yeye hasikii kitu. Wiki hiyo wakamchukua Bahati kwa Mama Furaha, wakampa aliyefuata kwenye zamu, ambaye, bahati iliyoje, alikuwa dada yake Rénovat. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hawa walimnyonga, na haki yake wakabaki nayo. Mama Furaha akafunga kibanda cha fanta, akaanza kuuza ndagala.

Halafu baba yako akaniambia lazima nikaombe musamaha Kinanira, kwamba ukoo umeaibishwa. Hapo alikuwa na haki, niliharibu siku ya binti ambaye hakunikosea kitu. Tukapeleka kasha la bia kama desturi inavyotaka. Nikaomba musamaha kwa kukata neno la musemaji, wakapokea, tukafungua, tukanywa. Nilipoanza kusema kuhusu ng'ombe, Salvator akaniinulia glasi na kusema, "Mama Nadège, hayo yameisha, tumeyanywa." Akacheka, wote wakacheka. Nilikuwa nimeleta bia kwa ajili ya sherehe, yeye akaimaliza na kesi ya ng'ombe humohumo.

Chanjo mpya ambayo Salvator alikiahidi kikundi haikuja. Kilichokuja ni mapele yenyewe. Yalipita Maramvya ile masika uliyokuwa unaandika kazi yako ya mwisho ya chuo, ndiyo maana ulikuwa hunioni nyumbani. Ng'ombe wa majirani walijaa mabonge. Ndama wetu waliozaliwa baada ya chanjo wakajaa mabonge, wawili nikawazika. Wale wakubwa, wale wa "maji", walisimama. Bahati hakutoa hata upele mmoja. Wafugaji wakafanya ibada ya shukrani, wakaimba, wakasema Mungu amewaonea huruma. Nami naamini alitumia mikono ya mutu fulani aliyekuwa anabeba barafu ya samaki juani, na jina la mutu huyo halikutajwa kwenye ibada.

Hapo ndipo ningesema. Ushahidi wote ulikuwa umesimama kwa miguu yake minne. Lakini wakati huo we ulikuwa umepeleka ombi la kazi kwenye biro yake, na shangazi yako akaja mpaka dukani kuniambia: we funga mdomo, unataka kumharibia mutoto? Nikafunga. Nilimwendea Mama Furaha sokoni, nikamwambia nivumilie kidogo, nitasema. Uliposubiri majibu nikanyamaza. Ulipoitwa kwenye mtihani nikamwambia tena, na nikanyamaza tena. Yeye haniulizi. Anapima ndagala, anafunga, ananiambia salimia Nadège.

Kwa hiyo nisikilize, si kama mama, nisikilize kama mwenzako wa kazi. Huko watakuambia gari linarudi Ijumaa, hela za safari zinaisha Ijumaa, tusome leo tu, tofauti ni ndogo. Anza kudunga Jumatatu. Ukishindwa, Jumanne. Usidunge Alhamisi hata akiwepo waziri. Na ukisoma, ita mwenye ng'ombe, shika mkono wake uweke kwenye ngozi, uweke na kwa yule ambaye hakuchanjwa, na majirani waone. Kama hakuna kilichovimba, sema hujaona kitu. Usimwambie mutu kilichokuwemo ndani ya chupa ambayo hukuifungua.

Na kukasirika, kasirika. Mi sikuambii neno la baba yako. Mutu asiyekasirika kwa habari kama hii nitamwogopa kumwachia hata kuku. Ila ukiwa na ukweli mkononi na watu wako hapohapo kwenye mtaro, waite kwanza. Uso wa mwongo utauona siku nyingine, hauendi popote.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Jumapili hii kikundi kinakutana baada ya misa. Nitaenda. Nitaomba neno kwa Rénovat na nitangoja nipewe, mi huyu, nitangoja. Nitasema chupa zilikuwa na bati na nilizifungua mi. Nitasema Jumamosi ngozi zilivimba nikazishika, na Ijumaa haikuwa siku ya kusoma, na Salvator alijua. Nitaomba ng'ombe arudi kwa mwenyewe pamoja na ndama aliyemzaa huko, na waseme mbele ya watu kwamba hakuiba, palepale walipomwita mwizi. Nikimaliza, nitakaa.

Habari itafika Cankuzo kabla wiki haijaisha. We utakuwa mgeni, bado uko kwenye majaribio, na mkubwa wako anaweza kukuondosha bila hata kueleza kwa nini. Nalijua hilo. Nilifikiri nisubiri mpaka uthibitishwe kazini, halafu upandishwe, halafu upate na mume, na nikaona sitamaliza. Ngozi inangojwa kwa sababu ina kazi inafanya. Mi nilikuwa nangoja bila kufanya kazi yoyote, naogopa tu, na woga huo nilikuwa nauficha nyuma ya kitambaa cha upendo wa mama. Mama Furaha naye ana binti.

Sikuombi ruhusa. Nakuambia ili usije kulisikia kwa mutu mwingine ukafikiri mama yako hakukufikiria. Nilikufikiria sana, ndiyo maana nilichelewa hivi. Wakikuondosha, panda basi urudi, usiombe musamaha kwa niaba yangu wala usimpelekee mutu bia. Utakasirika na mi, na haki unayo, utakuja kunitukana hapa jikoni na nitakupa chakula.

Mama Furaha hajui kama ninaenda. Nilimwahidi mara ya kwanza, nikamwahidi mara ya pili, na kila mara aliniambia asante Dogiteri, kana kwamba nimeisha kusema. Safari hii simwahidi. Atasikia nikisha kusema.

Mama yako